Moto wa Thespia Ndani ya Chungu

Haya wajukuu zangu, acheni kwanza hizo zeituni niwategee. Nina mgeni nimembeba kwenye chungu. Chakula chake vijiti, kitanda chake majivu, na akionja maji tu, amekufa. Ni nani huyo?

Ee, moto. Mmepata upesi, na mimi nilitaka mpate upesi, maana mgeni huyo niliwahi kusafiri naye na leo nataka mjue safari yenyewe.

Mwaka walipokuja Waajemi nilikuwa Alpeni kwa mama yangu, nimekwenda kujifungua uzazi wa kwanza. Alpeni ndiko nilikozaliwa, pale nyuma ya njia nyembamba inayobanwa na mlima na bahari, penye chemchemi za maji moto. Lakini nilikuwa nimeolewa Thespia, mwendo wa siku tano kwa mwanamke mwenye mtoto. Mume wangu Saon alikuwa mfinyanzi. Na vita ndivyo vilivyomleta hadi ukweni, kwa sababu wanaume mia saba wa Thespia walikuja kuiziba njia ile pamoja na Wasparta na wengineo, ili jeshi la Waajemi lisipite. Waajemi wenyewe walikuwa wengi mno. Walipokunywa kwenye kijito kimoja, sisi wa bondeni tulichota matope.

Nilijifungua wakati bado wanatazamana tu. Mama akatundika sufu mlangoni, watu wote wajue ni wa kike, kisha akakaa kitandani pangu. Nilijua anawaza nini. Kwetu mtoto si wa mtu mpaka baba yake ambebe siku ya tano, akimbie naye kuuzunguka moto wa nyumba yao. Asiyekimbizwa hana ukoo. Na akiwa wa kike, wengi huenda kumwacha porini ndani ya mtungi, na hakuna anayeuliza.

Siku ya tano ilifika asubuhi mbaya. Mapigano yalikuwa yameingia siku ya tatu, na habari zikaja mbio kwamba Waajemi wameonyeshwa njia ya mlimani, watashuka nyuma ya watu wetu kabla ya adhuhuri. Jemadari wa Wasparta akawaambia wengine waondoke wangali na nafasi. Watu wa Thespia wakasema hawaendi popote.

Mama alikuwa anafunga mbuzi kamba. "Chukua blanketi, tupande mlimani."

"Mama, leo ni siku ya tano."

Akaacha kamba. "Mwanangu, moto wa kwao uko Thespia. Utaufikia kwa mabawa?"

"Uko pale kwenye njia nyembamba, penye ukuta wanaoulinda. Mzee Puthon anao."

Kweli alikuwa nao. Thespia wanapokwenda vitani huchukua makaa kwenye moto wa mji, ulio mzazi wa moto wa kila nyumba, yakawekwa katika chungu chenye mnyororo, na mtu mmoja kazi yake ni hiyo tu, kulisha makaa. Mtu huyo alikuwa Puthon, mzee wa goti bovu na mdomo mkali.

Nikaenda. Njiani nilipishana na askari wanaoondoka, wamekuwa weupe kwa vumbi. Mmoja akanipigia kelele, "Dada, unapotea! Kukimbia ni huku!"

"Wewe kimbia, kaka. Mimi nina shughuli."

Nilipoukaribia ukuta, mzee Puthon akaninyooshea fimbo. "Simama hapo hapo! Mzazi wa siku tano hasogelei moto huu."

"Sisogei. Niitie Saon mfinyanzi, aje amkimbize mtoto wake."

"Leo?"

"Kwani mzee, siku ya tano ni kesho?"

Akanitazama, akageuka, akaita kwa sauti ya kuamsha mlima. Saon akatokea, mkono mmoja umefungwa kitambaa, damu imekauka ndevuni. Siku tano nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, yote yakanitoka.

"Ni wa kike," nikasema.

"Kwani nimeuliza?"

Akaanza kufungua mikanda ya deraya. Mila inataka baba akimbie bila nguo, naye akavua zote. Wenzake wakaacha kunoa mikuki.

"Saon!" mmoja akasema. "Tukutangulize mbele hivyo hivyo. Waajemi wakikuona watarudi kwao wenyewe!"

"Wataona wivu!" akajibu Saon, akampokea mtoto.

Alimzungusha mara moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na watu wale waliojua kwamba jua la kesho halitawakuta wakagonga ngao zao na kucheka mpaka machozi. Mtoto alilala tu. Nilisimama mbali na moto, mkono mdomoni, nikasema moyoni, sasa hata mbingu zianguke, huyu ana kwao.

Tarumbeta ikalia. Saon akavaa haraka.

"Na jina?" nikamwuliza.

"Hapana!" mzee Puthon akafoka. "Jina halitajwi kabla ya siku ya kumi. Mnataka kumkaribishia nuksi?"

"Siku ya kumi sitakuwapo, mzee."

"Basi ninong'oneze mimi."

Saon akainama kwenye sikio lake. Nilimwona mzee akifumba macho. Kisha Saon akaniwekea mtoto mikononi mwangu, mila isamehe kwa kumgusa mzazi, akanigusa shavu na kusema, "Mwambie mama yangu nimemkimbiza mara tatu. Atasema moja inatosha. Mwambie nilikuwa na nafasi." Akaenda zake, bado anahangaika na mkanda wa bega.

Kamanda wa Thespia akamwambia Puthon aondoke na chungu. Mzee akatukana matusi nisiyoweza kuyarudia hapa. "Nimeubeba hadi huku ili nirudi nao kama mwizi wa kuku?"

"Moto hauzimikii hapa, mzee. Ndiyo amri."

Mama akapanda mlimani na mbuzi wake. Mimi nikafuata chungu.

Safari ile ilikuwa ya vijiti na maziwa. Yeye alilisha makaa, mimi nililisha mtoto, na kila tulipokaa nilimwuliza jina. "Siku ya kumi," alijibu, hata kabla sijamaliza. Siku ya nane mvua ikatukamata mahali pasipo hata pango. Akavua joho lake, akakifunika chungu, naye akaloa. Kesho yake alikuwa anatetemeka, goti limevimba kama boga. Hofu ikanishika. Akifa huyu, atakufa na neno la mwisho la mume wangu.

"Mzee wangu, niambie tu. Nitalifunga mdomoni mpaka kesho."

"Nikikuambia leo, binti, nitakaa chini hapa na sitainuka. Kazi yangu itakuwa imekwisha. Acha jina liniburure."

Nikampa bega langu. Tulitembea hivyo, mtoto mgongoni, mzee ubavuni, chungu kwenye mkono wake wa pili, mbali nami.

Siku ya kumi asubuhi tukaingia Thespia. Watu walikuwa wanapakia punda, wakimbilie kusini. Habari za njia nyembamba zilikuwa zimeshafika: hakurudi hata mmoja. Mama mkwe wangu Fano alikuwa mlangoni, amejifunga kama mtu wa safari, macho yamekauka. Hakunisalimu. Alimtazama mtoto.

"Wa kike. Nani amemkimbiza?"

"Saon," akasema Puthon. "Mara tatu. Nilikuwapo."

"Tatu? Moja inatosha."

"Alisema alikuwa na nafasi, mama," nikasema.

Akajifunika uso kwa ushungi, kidogo tu. Halafu akaingia ndani, akafagia majivu ya zamani kwenye meko, akamwita mzee aweke makaa.

"Mama Fano, si tunahama mchana?" jirani akauliza.

"Mchana ni mchana. Sasa hivi ni asubuhi, na nina mjukuu."

Moto ukashika. Fano akampakata mtoto, akatutazama mimi na mzee. "Haya. Anaitwa nani?"

Mzee Puthon alikuwa ameshakaa chini, mguu mbele, chungu kitupu pembeni yake. Akavuta pumzi ndefu.

"Menusa," akasema. "Baba yake alisema aitwe Menusa, yule anayebaki."