Abiria Asiyebebeka

"Nambari sita, Mzee Wakhungu," Sandra, msimamizi kutoka hifadhini, akasoma kwenye karatasi yake. "Abiria wako ni Mama Nekoye kutoka Bokoli."

Wakhungu alikuwa ameinama, akibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Hakuinuka. Bokoli ina kina Nekoye wengi, alijiambia, na Mungu hawezi kuwa na utani wa namna hiyo asubuhi mapema hivi. Kisha akaona viatu vyeusi vya raba, soksi za kijivu, na ncha ya leso ya buluu aliyompelekea kwa mkono wa mkewe Phelista, Krismasi ya mwisho kabla Phelista hajafa. Alikuwa ni yeye, mama mkwe wake.

Mbukusu hamshiki mama mkwe wake mkono. Hali naye meza moja, hamtazami usoni, hamsemeshi moja kwa moja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Kwa miaka thelathini na mmoja Wakhungu alikuwa ameingia vichaka vingi. Hata walipomzika Phelista, alilia upande wake wa kaburi na mama mkwe akalia upande wake. Leo alitakiwa ampakie nyuma yake kilomita saba, magoti ya mama wa watu yakimgusa kiunoni.

Na siku yenyewe haikuwa ya mzaha. Tangu mwezi uliopita, magari na pikipiki zilikuwa zimepigwa marufuku kwenye barabara ya kinamasi. Kelele zilikuwa zikiwafukuza nzohe, swala wale wenye haya wanaoishi majini katikati ya mafunjo. Sasa mtalii kutoka Kitale angeshukia kwenye lami, aingie hifadhini kwa miguu au kwa baiskeli. Waendeshaji sita walijitokeza, na watano wangepewa vizibao vya kijani na kazi ya kudumu. Leo walikuwa wanajaribiwa. Akina mama wa kanisa moja la Bokoli, waliokuja matembezi, ndio waliokuwa abiria. Abiria apakiwe, afike langoni ndani ya saa moja, basi.

Wakhungu alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kwa ishirini na miwili ya hiyo alikuwa amebeba watu kwenye njia hii. Pikipiki zilipokuja zilimnyang'anya abiria mmoja mmoja hadi akabaki kubeba magunia ya viazi. Marufuku ile ndiyo habari njema ya kwanza aliyoisikia tangu amzike mkewe. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, lakini kizibao kile alikitaka.

Akamfuata Kibe, mwenzake wa Kiminini. "Tubadilishane abiria, bana."

"Ati hutaki kubeba mama ya watu?" Kibe akacheka. "Ama ni mzito?"

"Ni mama mkwe."

"Na si ni mtu tu? Mimi wangu nilimpeleka hospitali na hii hii baiskeli."

"Ni wewe, Kibe. Kwetu si hivyo."

Kibe akainua mabega, akamwita Sandra. Sandra alisikiliza kwa heshima zote, halafu akatikisa kichwa. "Mzee, pole. Lakini mtu akichagua abiria leo, kesho atachagua wageni. Kila mtu na jina lake." Kisha akapanda baiskeli yake, akatangulia langoni.

Watano wakaondoka kwa vicheko vya akina mama. Nekoye hakuisogelea baiskeli. Alivuka upande wa pili wa barabara, akaanza kutembea mbele. Wakhungu akafuata nyuma akisukuma baiskeli tupu, macho ardhini.

Walipofika penye daraja la mbao, Nekoye akaketi kwenye jiwe. Alikuwa anahema. Akayatazama mahindi ya watu, akasema, "Baiskeli, ambia mwenyewe hii miguu imekataa."

Wakhungu akautazama Mlima Elgon. "Baiskeli, ambia mama akae kwa kiti. Mimi nitasukuma."

"Akisukuma atachelewa. Mwambie apande, aendeshe. Nilisikia anatafuta kazi."

Saa ya Wakhungu ilionyesha dakika ishirini na tano zimebaki. Kwa kilomita nne, zilitosha na chenji. Wakhungu akashika usukani, akainua mguu hadi kwenye pedali. Akakiona kizibao. Akawaona pia wazee wa Bokoli, na Phelista aliyekuwa akimwonya, "Mama anakuja, toka njiani," huku akicheka. Mguu ukarudi chini.

"Siwezi, mama," akasema.

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia moja kwa moja, na wote wawili walishtuka. Nekoye akajifunika mdomo kwa leso. Kisha akapanda kiti cha nyuma polepole, na Wakhungu akasukuma, hatua kwa hatua, bila kugeuka.

Walichelewa dakika ishirini na mbili. Vizibao vitano vilikuwa vimeshavaliwa.

"Nilikungoja, mzee," Sandra akasema. "Kwani baiskeli iliharibika?"

Angesema ndiyo, pengine wangemfikiria. "Haikuharibika, madam. Ni mimi."

Kibe alikuwa amevaa cha kwake. Safari hii hakucheka.

Nekoye alipita langoni akatembea kwenye njia ya mbao iliyoingia kinamasini, akasimama huko muda mrefu. Zamani, kabla ya uzio, Phelista alikuwa akikata mafunjo ya kinamasi hiki na kusuka mikeka. Ndiyo maana mama mtu alikuja. Wakhungu alimngojea nje, kichwa kimeegemea kiti cha baiskeli. Kukosa kazi kulimuuma, lakini hakuona haya.

Wenzake walibeba akina mama wengine wakaondoka. Nekoye akarudi. Akaivua leso ya buluu, akaitandika kwenye kiti cha nyuma, akaketi akiwa amekipa kisogo kiti cha mbele. Akauweka mfuko wake katikati.

"Baiskeli," akasema, "mwambie mimi nitatazama huku, yeye atazame huko. Nani ataona nani? Nimezeeka, na hii njia ni refu."

Wakhungu akashika usukani. Kisha akapanda. Pedali zikalia, magoti yakauma, na baiskeli ikaondoka ikiwabeba wawili, mgongo kwa mgongo, mfuko katikati.

Walipokaribia daraja la barabarani, kinamasi bado kikionekana, sauti ikatoka nyuma. "Baiskeli, muulize, mwanangu mafunjo alikuwa anakatia upande gani?"

Wakhungu akaachia mkono mmoja, akaunyoosha kushoto. Baiskeli ikayumba kidogo, na akajua kwamba nyuma yake mama amegeuka kuangalia.