Waya wa Bolti ya Oili

Fundi alikuwa hatulii. Akae juu ya ndoo, ainuke, akae tena, mpaka jirani wa banda la pili akamuuliza kama amekalia siafu. Fundi mwenyewe ni mwanamke, na anayempa kiherehere ni mdogo wake, Kiroboto, yule anayerusha pikipiki kama mtu asiye na kwao. Leo, kwenye mbio za pikipiki, Kiroboto alipangwa mstari wa mbele. Timu moja kubwa ilikuwa imemwambia waziwazi: akishinda, wanamchukua, asiposhinda, arudi karakana kwa dada yake.

Na pikipiki yenyewe, jamani, si ya kuendea sokoni. Silinda moja, injini ya cc mia nne na hamsini, haina taa wala honi. Magurudumu ya inchi kumi na saba mbele na nyuma, tairi zina upara ili zing'ang'anie lami, diski ya breki ya mbele pana kama sinia. Shokapu zimefupishwa, lakini kwa kiasi, maana nusu ya njia ni lami na nusu ni vumbi na matuta. Klachi nayo ina adabu zake: dereva akishusha gia kwa fujo, gurudumu la nyuma halijifungi. Yote hayo Fundi aliyafunga kwa mikono yake.

Hata bolti ya oili, ile ya chini ya injini. Mashindano yanataka ifungwe waya unaoivuta upande wa kukaza, mtetemo usije ukailegeza. Mkaguzi aliuona waya, akabandika stika yake, akaenda zake.

Sasa Fundi akashika chupa ya maji anywe. Mkono ulipozungusha kifuniko, akaukumbuka ule waya. Jana aliilaza pikipiki ubavu, akafunga waya akiwa amechutama upande wa pili. Aliuvuta wapi? Kukaza, au kufungua? Akasokota hewani kwa vidole, na kila aliposokota vidole vilimpa jibu jingine. Oili ikimwagikia tairi ile yenye upara, kwenye kona, mdogo wake kwisha habari yake.

Alijua sheria vizuri: fundi akigusa pikipiki baada ya ukaguzi, dereva anaanza wa mwisho. Akachukua plaisi, akakimbilia mstari wa kuanzia.

Kiroboto alimwona anakuja, akatikisa kichwa ndani ya helmeti, akapunga mkono arudi. Kwa kelele za injini zile, nani angemsikia nani? Fundi akapiga magoti, akauingiza mkono chini, akaushika waya.

Ulikuwa umevutwa upande wa kukaza, sawasawa kabisa. Ila misokoto haikuwa yake. Yake huwa midogo, imebanana. Hii ilikuwa minene, imelegealegea, kama kamba za viatu vya mtu mwenye haraka.

Kiroboto akazima injini na kuinua kioo cha helmeti.

"Nimeugeuza asubuhi kabla ya ukaguzi, dada. Uliufunga kinyume. Sikutaka ujue, ungejilaumu mwaka mzima."

Mwanzishaji wa mbio alikuwa ameshaona. Akanyoosha kidole nyuma kabisa.

Kiroboto aliwapita wote isipokuwa mmoja. Watu wa timu kubwa wakampa mkono huyo mmoja, wakaondoka naye. Kiroboto akaisukuma pikipiki mpaka bandani, akavua helmeti, akakaa chini karibu na dada yake, ambaye bado alikuwa na plaisi mkononi na macho mekundu.

"Ungeniambia tu," Fundi akasema, "ningekaa kwenye ndoo yangu nikuangalie ukishinda."