Ukuta Uliokataa Kukauka

Kimbunga kilipita kwa siku moja na nusu, lakini ukuta wa sebule yangu uliendelea kutoa maji wiki tatu nzima. Jua linawaka, nguo zinakauka kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika ya mwisho, na ukuta unatoka jasho kama mtu mwenye homa. Asubuhi naufuta kwa kitambaa, mchana naufuta tena. Jioni nikimaliza kusali naweka kiganja pale, kinarudi kimelowa.

Mtaa wetu ni wa zamani. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe na chokaa na watu ambao hata babu za babu zetu hawakuwaona. Zilikuwa arobaini na moja, zimebanana bega kwa bega kutoka sokoni mpaka ukingo wa bahari. Kimbunga kiliondoka na tisa. Sasa ukisimama mlangoni kwangu unaiona bahari mahali palipokuwa na dirisha la mshona viatu, na upepo unaingia mtaani bila kubisha hodi. Yangu, namshukuru Mungu, ilibaki imesimama. Bati za pembeni tu zilifunuka, mvua ikaingia kwa juu, ndani ya ukuta.

Katika zile tisa ilikuwamo ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nyumba aliyoachiwa na baba yao. Alikuja kwangu siku ileile ameshika birika na mto wa kulalia.

"Wifi," nikamwuliza, "katika vitu vyote, ukachukua birika?"

"Wewe ungechukua nini, kabati?"

Nikajua mzima. Nikampa chumba cha mbele. Yeye ana mdomo, mimi nina macho, basi tunafaana.

Wiki ya tatu akaja mkaguzi wa majengo ya kale, bwana mpole aliyevaa viatu vyeusi katika tope lile. Alikuwa na kifaa kidogo chenye sindano mbili; anazichoma ukutani, kinamwambia maji ni kiasi gani. Sebuleni kwangu alichoma mara tatu, akakitikisa kama mtu asiyeiamini saa yake.

"Mama, ukuta huu umebeba maji mpaka ndani. Nitarudi baada ya wiki sita. Nikikuta haujakauka, sina njia. Nyumba itabomolewa kabla haijamwangukia mtu."

"Na sisi?"

"Kuna nyumba mpya zinajengwa nyuma ya kilima. Mtapewa."

Akatoka nje, akapaka alama nyekundu ya msalaba wa mshazari kando ya mlango. Wifi akamwangalia mpaka akamaliza.

"Baba, ungeweka na ua pembeni, ipendeze."

Yule bwana akacheka, kisha akaona haya kwamba amecheka.

Sitasema uongo, nyumba ya nyuma ya kilima si jambo baya. Ina bomba ndani. Lakini mimi niliingia katika nyumba hii nikiwa bibi arusi, wanangu nimewazalia chumba cha kati, na mume wangu alifumba macho mara ya mwisho pale dirishani. Mtu wa umri wangu ukimng'oa humpandi tena. Nikasali. Sikumwomba Mungu muujiza, maana amenipa mingi na sijamaliza kumshukuru. Nilimwomba anionyeshe kitu nisichokiona.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni nachambua mchele, nimeegemea ukuta. Nilipoinuka, mgongo wangu ulikuwa mweupe kwa vumbi. Vumbi! Nikaugusa ukuta wa jikoni juu, nikaugusa chini. Mkavu. Na huo ndio unaotazama bahari, huo ndio uliopigwa mvua kuliko wote, na bati zilifunuka juu yake pia. Mawe ni yaleyale. Nikasimama katikati ya mlango, nikatazama huku, nikatazama kule. Jiko lilikuwa bado na chokaa yake ya kale, imebabuka, mbaya kutazama. Sebule ina plasta ya saruji, ndani na nje, laini, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Nikaenda kumwita Fundi Kesho. Jina hilo amepewa na mtaa mzima, kwa sababu hakuna kazi yake isiyokwisha kesho. Alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, po, po, po, huku kichwa amekiinamisha.

"Mama, umemvalisha mtu koti la mvua, halafu ukammwagia maji shingoni. Yatatokea wapi? Chokaa inapumua, saruji haipumui. Tuivue yote, ukuta ukae uchi upigwe na hewa, kisha tuupake chokaa upya."

"Utakauka kwa wiki sita?"

"Tukianza leo, naona utakauka."

Na kwa kinywa chake alisema leo. Nikajua hali ni mbaya.

Wifi alikuwa mlangoni anasikiliza. Akavuta kiti, akakiegemeza kwenye ukuta wa sebule, akakaa, mgongo wake umebandikwa kwenye ile saruji.

"Mwambie fundi wako aende na kesho yake. Ukuta huu kaka yangu aliupaka kwa mkono wake. Nyumba ya baba imekwenda, picha zimekwenda, hata kaburi la kaka limejaa mchanga. Kimebaki hiki kimoja, nacho mnataka kukikwangua?"

Fundi akaweka nyundo na tindo chini. "Mimi huwa nagonga ukuta," akasema. "Watu sigongi."

Siku tatu zikapita hivyo. Wifi alikuwa anakaa pale tangu chai ya asubuhi mpaka jua linazama, gauni limelowa mgongoni. Akienda msalani anapiga kelele kutoka huko, "Nasikia, jamani! Nasikia kila kitu!" Fundi anakuja kila asubuhi, anachungulia.

"Bado yupo?"

"Bado."

"Basi kesho."

Mimi nilijua neno ambalo lingemwinua. Nilikuwa nimelificha miaka kumi na miwili. Katika mtaa wote hakuna ambaye hajamsikia wifi akimsifu kaka yake, kwamba ndiye mtu wa kwanza hapa kuwa na ukuta wa kisasa, kwamba alikuwa na akili ya mbele. Na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Siku ya nne nilichukua kiti changu, nikakaa kando yake, nikaegemea ukuta kama yeye. Baridi ikaniingia mpaka mifupani.

"Wifi, saruji hii si ya kaka yako."

"Ya nani, ya serikali?"

"Yangu. Yeye alikuwa hataki. Alisema nyumba hizi ni za chokaa, na ukuta huu baba yake aliupaka chokaa. Mimi nilikwenda kwenye arusi upande wa barabara mpya, nikaona kuta laini kama sahani, nikarudi nimevimba kichwa. Nikamsumbua miezi miwili. Nikamnunia. Nikampikia bila chumvi."

"Bila chumvi?"

"Wiki nzima."

"Ndiyo maana alikuwa anakuja kula kwangu!"

"Alipaka ili mdomo wangu unyamaze. Siku aliyomaliza aliniambia, huu ukuta sasa umezibwa pua. Nikamcheka."

Nje mtu alikuwa anagongelea mabati.

"Miaka yote hiyo namsifu mbele za watu," wifi akasema polepole, "na wewe unaitikia."

"Ndiyo. Kwa Mungu nimetubu mara nyingi. Kwako ndiyo leo."

Akasimama. Nilidhani anakwenda kuchukua mto wake na birika lake. Aliugeukia ukuta, akautazama juu na chini kama unavyomtazama mgeni aliyekula kwako siku nyingi kwa jina lisilo lake.

"Kumbe nimekaa siku tatu nalowa kwa ajili ya kiburi chako." Akachungulia dirishani. "Fundi! Lete hiyo nyundo. Saruji ya wifi yangu naitoa mwenyewe!"

Na aliitoa. Fundi anatia tindo kwenye ufa, wifi anapiga, vipande vinashuka vikubwa kama sinia, na nyuma yake maji yanatiririka yakinuka kisima cha zamani. Kipande chenye alama nyekundu kilianguka siku ya pili. Wifi alikipiga teke. Chini kabisa tulikuta chokaa ya baba mkwe katikati ya mawe, na alama za vidole mahali ilipokandamizwa. Fundi akasema vidole hivyo vinaweza kuwa vya mwashi yeyote. Wifi akamwambia anyamaze, akaweka kidole chake pale.

Siku nane tukamaliza. Tukaacha milango na madirisha wazi, wapita njia wanaona sebule yangu mpaka mawe yake. Nilikuwa naona aibu kidogo, kisha nikazoea. Watu wakaanza kugonga kuta zao. Mtaa mzima po, po, po.

Mkaguzi alirudi baada ya wiki zake sita. Akachoma hapa, akachoma pale, akainama akachoma karibu na sakafu. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kanga yangu nimeikunja kunja mpaka vidole vinauma.

"Umekauka, mama. Nyumba inabaki. Ila msirudishe saruji."

"Usinitazame mimi," wifi akasema. "Mwambie huyu."

Yule bwana akauliza nani ametuongoza, kwa sababu mtaani kuna nyumba saba nyingine zenye alama. Nikamwonyesha Fundi Kesho, aliyekuwa amekaa kizingitini. Akaulizwa ataanza lini. Fundi akafungua kinywa, akatutazama sote tunavyomsubiri, akakifunga.

"Sasa hivi," akasema, akaenda nyumba ya pili.

Wiki iliyofuata tulipaka chokaa. Si nzuri kama sahani. Ina mawimbi, na rangi yake ni kama maziwa yaliyokaa. Fundi ametuagiza tuifunike kwa magunia yaliyoloweshwa maji siku kumi, isipasuke kwa jua.

"Wiki sita tunakausha," wifi akanung'unika, ndoo mkononi, "leo tunamwagilia."

"Fundi kasema."

"Fundi, fundi. Nyanyua gunia hilo vizuri, unaniziba."

Nikalinyanyua. Tukaanza pembe ya juu, tukawa tunashuka.