Bi Hajra Anajifanya Maiti

Anayetaka kuchora katuni za mtu aliye hai, kwanza amwombe ruhusa. Hilo tulilijua, mimi na kaka yangu Feisal. Yeye anachora, mimi Tabia nauza, na ukituuliza nani hasa anafanya kazi, utapata majibu mawili. Vitabu vyetu vinauzwa hapa Bagamoyo na kule Msata, ambako abiria wa mabasi hununua chochote cha kupunguza safari.

Shujaa wetu alikuwa jirani yetu Bi Hajra, muuza vitumbua, mwanamke mwenye ulimi mkali. Feisal alipomwomba ruhusa, alijibu, "Kama watanicheka, wanicheke kwa jina langu." Alitaka tu kila toleo alione kwa penseli kabla halijaenda kwa mpiga chapa. Alivaa miwani, akakagua, akaamuru pua yake ipunguzwe. Feisal alinuna na kupunguza, maana watu hawakununua mistari yake, walimnunua Bi Hajra. Nilimwonya asiegemeze biashara nzima kwa mtu mmoja. Akaniambia nina roho ya korosho.

Hadithi ya toleo la mwisho aliitoa Bi Hajra mwenyewe. Anajifanya maiti ili ajue nani atamlilia. Amelala ndani ya sanda, anachungulia kwa jicho moja, anawasema kimoyomoyo wote wanaolia kinafiki. Mwisho mwanawe wa pekee, Ausi, dereva wa malori ya Tunduma, anafika mbio, anajitupa juu ya jeneza, na mama anaketi na kumkumbatia. Feisal alisita, akasema kifo hakichezewi. Bi Hajra akamwambia mzaha ni wake na maiti ni yeye, kwa hiyo achore. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Tukachapa, nikapeleka vitabu Msata. Wiki hiyohiyo Bi Hajra aliamka akilalamika kifua, na adhuhuri haikumkuta. Kwetu maiti hasubirishwi. Ausi alipigiwa simu akiwa Tunduma, na baada ya alasiri mama yake alikuwa ameshazikwa.

Nililia, kisha nikakumbuka vitabu. Ausi akitoka Tunduma kupitia Chalinze lazima ashukie Msata kupanda gari la Bagamoyo, na kibanda cha Sadallah, anayetuuzia vitabu, kiko palepale kituoni. Angemkuta mama yake kwenye jalada, amening'inia kwa kibanio, ndani ya sanda, anakonyeza jicho. Asubuhi niliwahi Msata nikavikusanya vyote. Sadallah alinisaidia kufunga, halafu akasema kuna dereva mmoja amenunua kimoja, amekisoma amesimama, ameacha na chenji yake.

Niliporudi, Ausi alikuwa amekaa mkekani msibani, kitabu kiko mapajani. Feisal alikuwa mbele yake, kichwa chini. Nilijua kaka yangu atapigwa, na moyoni nikasema apigwe tu, tumestahili.

Ausi aliuliza nani ametunga. Feisal akasema ni yeye, akaomba radhi.

"Usimfiche marehemu," Ausi akasema. "Haya ni maneno ya mama. Kwenye simu alikuwa akiniambia, siku nikifa ndiyo utakuja. Nami nacheka, namwambia nimalize safari hii kwanza."

Akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole juu ya picha yake mwenyewe mikononi mwa mama yake. Hakuwahi hata kumtia udongo.

"Dada Tabia, alikuwa ananingoja kweli, au ni kichekesho tu?"

Feisal alinitazama niseme ni kichekesho. Na mimi hasira zilinipanda, sijui kwa nani, kwa Ausi, kwetu sisi tuliocheka, kwa Bi Hajra aliyeficha uchungu wake ndani ya mzaha. Msibani sikuweza kusema uongo.

"Alikuwa anakungoja," nikamwambia. "Kila toleo alipoletewa, kabla hajatazama pua yake, aliuliza kama Ausi yumo."