Salmin wa Leso na Watu wa Njiani

Kabla ya kiharusi, Salmin hakushindwa na mtu kwa maneno. Alikuwa na duka la leso mtaa wa Shela, Malindi, duka jembamba lenye benchi la mbao mlangoni, na wanawake walimjia hata siku ambazo hawakuwa na haja ya kununua. Mwenye ugomvi na jirani alikaa akaueleza wote, Salmin akamsikiliza huku macho yake yakitembea kwenye rafu. Kisha alivuta leso moja, akaikunjua, akamsomea maandishi yake. "Hii uianike uani, mkabala na dirisha lake," alimwambia. "Huna haja ya kufungua kinywa." Mwanamke akaondoka anacheka, na jioni mtaa mzima ulijua nani kapigwa kijembe. Watu walisema ulimi wa Salmin ni wembe. Naye aliposikia hivyo hakuona kama ametukanwa.

Kiharusi kilimpata masika, akiwa anatawadha. Kilimwachia mguu wa kulia wa kuburura, mkono uliojikunja kifuani, na mdomo ulioenda upande. Akili yake ilibaki nzima. Maneno yote alikuwa nayo, tena kwa mpango wake, lakini yakifika mdomoni yaligeuka mate na vigugumizi. Akiomba maji ilikuwa "mmm, mma," na kuashiria kwa kidole.

Daktari wa viungo, kijana mpole aitwaye Joram, alimwamuru atembee. "Si uani, mzee," alisema. "Uani utazunguka kama ngamia wa kinu. Toka barabarani kila asubuhi, jua halijawa kali. Mguu usipotumika utakufa nawe ungali hai."

Siku za mwanzo Raiya, mkewe, alimsindikiza na kumshika kiwiko. Salmin hakupenda kuongozwa mbele za watu. Asubuhi moja aliuondoa mkono wa mkewe, taratibu, akauweka kifuani kwa Raiya mwenyewe. Mke akaelewa. Tangu hapo alimfunga kamba za raba, akamvika kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akasimama mlangoni kumtazama mpaka akakata kona.

Njia yake ilipita kwenye maduka, ikaingia barabara kuu, ikaishia kituo cha mafuta. Katikati palikuwa na steji ya bodaboda, na pale steji alikuwapo Masha, mtu mzima kidogo kuliko wenzake, mcheshi, ambaye wenzake walikaa wakimngojea aseme neno wapate kucheka.

"Mzee," Masha alimwita siku ya kwanza alipomwona yuko peke yake, "leo umeamkia kwenye tembo la mnazi?"

Salmin akasimama. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa jibu zuri, la kumfanya kijana yule ashindwe pa kuutia uso wake. Akafungua mdomo. "Mi... mmi... ss..." Ute ukamchuruzika kidevuni.

"Anasema kabakisha kikombe kimoja," Masha akatafsiri.

Walicheka mpaka mmoja akashika usukani wa pikipiki asianguke. Toka siku hiyo Masha akawa mkalimani wake. Salmin akijaribu kusema yeye ni mgonjwa, Masha aliwaambia wenzake mzee anauliza kama kuna anayejua mnazi mtamu ulipo. Akinyamaza, Masha alisema leo amezidiwa. Akipita upesi kwa kadiri mguu ulivyomruhusu, walimpigia makofi ya kumwendesha, moja mbili, moja mbili, yakifuata mguu mzima na ule wa kuburura.

Wasiomjua nao walisikia, wakaokota. Muuza mahamri alivuta meza yake nyuma alipomwona anakuja. Mabibi wawili waliokuwa wakikimbia, wamevaa nguo nzuri za mazoezi, walimpita kwa mbali kana kwamba anaambukiza, na mmoja akamwambia mwenziwe bila kupunguza sauti, "Tena na kofia kichwani. Hata haya hana."

Kesho yake Salmin aliikataa kofia.

"Baba Mohammed, utatokaje kichwa wazi?" Raiya aliuliza.

Alitikisa kichwa, akatoka. Raiya akabaki nayo mkononi.

Akabadili njia, akashika ya ufukweni. Huko alikuta vijana wako kifudifudi mchangani wakipiga pushapu, na mwalimu wao amesimama juu yao na filimbi. Salmin alipokuwa akivuta mguu kwenye mchanga, yule mwalimu alimnyooshea kidole. "Mnamuona yule? Ndio mwisho wa pombe. Haya, kumi zaidi." Vijana wakainua vichwa wakamtazama, kisha wakajitahidi zaidi. Na mchanga ulikuwa mzito, mguu haukuuweza. Akarudi barabarani.

Siku aliyoanguka ilikuwa Jumamosi, watu wengi. Ncha ya raba ilinasa kwenye ukingo wa lami, akaenda chini kwa upande wa mkono mbovu, usioweza kumkinga. Goti likachunika, na shavu pia. Alijaribu kujigeuza akashindwa.

Mama aliyekuwa na mtoto alimzunguka. "Usimwangalie," alimwambia mwanawe. Wafanyakazi wa hoteli walimruka miguu huku wakiendelea na mazungumzo yao. Baadaye mtu mmoja akachutama karibu naye, na Salmin akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mtu yule akamfungua kamba za raba. Alizivua pole pole, moja kisha nyingine, kama anayemvua viatu mtoto aliyelala asimwamshe. "Mlevi hachomwi na changarawe," alisema, wala hakumwambia yeyote hasa. Akaenda zake na raba kwapani.

Hapo Masha akaja na mwenzake mmoja. "Huyu tumrudishe kwao," alisema, wakamwinua wakampakia mshikaki, Masha mbele, Salmin katikati, yule mwenziwe nyuma amemkumbatia asianguke. Salmin aliuinua mkono wa kushoto akaashiria upande wa Shela. "Ssh... she..."

"Anasema tuongeze mwendo," Masha akatafsiri.

Waligeukia upande wa bara, wakaacha lami, wakaingia njia ya mchanga katikati ya minazi, mpaka kwenye ua wa makuti. Harufu ilimfikia Salmin kabla pikipiki haijasimama. Walikuwa wamemleta mangweni, mahali pa kunywea mnazi, na wanywaji wa asubuhi walikuwa wameshakaa kwenye magogo yao.

"Kadii," Masha aliita, "tumekuletea mteja aliyepotea njia."

Wakamkalisha. Mmoja wa wanywaji, kwa ukarimu wa kilevi, akamwekea kikombe mdomoni. Salmin alikaza meno, lakini upande mmoja wa mdomo haukumtii. Mnazi ukamwagika kidevuni, shingoni, ukalowesha shati lote. Watu wakacheka. Yeye ambaye maishani mwake hakupata hata kukaa kivuli kimoja na kinywaji kile, alikaa pale kinamdondoka kifuani, akitamka shahada moyoni kwa sababu kwingine haikutamkika.

Kadii alitoka jikoni, mwanamke wa makamo, mnene, leso kaifunga kifuani. Alimtazama Salmin, akamnyang'anya yule mtu kikombe. Akainama akauangalia mdomo. Akauinua mkono wa kulia, akauacha, ukajikunja tena kifuani.

"Huyu hakunywa kitu," alisema. "Huyu kapigwa na kiharusi. Mume wangu alikuwa hivi hivi mpaka nikamzika. Nyinyi ni watu wa namna gani?"

Masha akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta mlango. "Sisi tungejuaje, mama?" Akawasha pikipiki, akaondoka na mwenziwe.

Kadii alimwosha goti na shavu kwa maji ya uvuguvugu. Alimvika ndara zake mwenyewe, maana miguu yake yeye ilizoea mchanga. Kisha akauweka mkono mbovu wa Salmin begani kwake, wakaondoka. Njiani hakumharakisha. Salmin akijaribu kusema, Kadii alisimama akangoja mpaka sauti zilipokwisha, hakutafsiri. "Sikukuelewa, baba," alimwambia. "Nionyeshe kwa mkono." Akamwonyesha. Mara mbili walipumzika kwenye vivuli vya kuta, na Kadii akamfuta uso kwa upindo wa leso yake. Tangu augue, hakuna mgeni aliyemshika kwa upole kama ule. Salmin alitamani kumwambia, "Mungu akulipe." Aliliandaa neno lile njia nzima.

Wakaingia Shela. Barazani alikaa Tima, jirani yao, na wanawake wengine wakichambua mchele. Waliinua nyuso. Mmoja akajifunika pua kwa buibui.

"Si Salmin yule?" Tima alisema. "Na yule wa mangweni?"

"Mama zangu, hamjambo," Kadii alianza. "Huyu baba nimeletewa kwangu, watu wame..."

Salmin akajiona kama walivyokuwa wakimwona: ndara za kike miguuni, shati linanuka, kalala bega la muuza mnazi mchana kweupe, mbele ya wanawake waliokuwa wakija dukani kwake kununua maneno. Aibu ilimpanda kama homa. Akajichomoa begani kwa Kadii, na mdomo wake, uliokuwa umekufa miezi yote hiyo, ukafunguka ukatoa neno moja, zima, safi, kwa sauti yake ile ya dukani.

"Najisi."

Mikono ya wachambua mchele ikasimama kwenye ungo.

Kadii alilijua neno lile. Alizaliwa Jilore, huko bara, akaolewa Malindi, na tangu hapo ameitwa hivyo sokoni, kisimani, hata na wanaume ambao pumzi zao zilinuka mnazi wake mwenyewe.

"Haya," alisema. "Umefika." Akainama. "Nipe ndara zangu."

Akamvua, mguu mmoja kisha wa pili, akazivaa mwenyewe, akaondoka kwa njia waliyojia. Yale aliyotaka kuwaeleza wale wanawake akaenda nayo.

Tima alikuwa ameshakimbia kumwita Raiya. "Mumeo kasema, shoga. Neno zima, nimelisikia kwa masikio yangu." Raiya akatoka mbio bila viatu, akamkumbatia mumewe pale njiani, akilia. Kisha harufu ikamfikia. Akarudi nyuma nusu hatua, akamtazama, halafu akamkumbatia tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Lakini Salmin alikuwa ameshaihisi ile nusu hatua.

"Umesema nini, Baba Mohammed?" alimwuliza. "Sema tena."

Tangu siku hiyo Salmin alikaa ndani, hakutaka kuonana na mtu. Maneno ya mtaani hayakukaa ndani. Msikitini, siku aliyopelekwa na mwanawe, aliyekuwa karibu naye alijisogeza mbali safuni. Na lile neno moja lilikuwa limeota ulimini, halikukubali kuacha nafasi kwa jingine. Raiya alimletea chai, Salmin akataka kusema ahsante, likatoka hilo. "Najisi," alimwambia mkewe, macho yamemjaa machozi. Raiya akaweka kikombe chini. "Alhamdulillahi," alisema. "Na mengine yatakuja." Mengine hayakuja.

Joram alipomwona tena alimkemea. Mguu ulikuwa umeanza kukakamaa. Basi Raiya akamnunulia raba nyingine, akamfunga kamba, naye akarudi barabarani.

Pale steji Masha alikuwa na wenziwe kama kawaida. Ukweli aliujua, yeye na yule mwenziwe wa mangweni, ila hawakuwaambia wengine. Mzaha ulikuwa bado unafaa, na mtu hatupi kitu kinachofaa. "Mzee karudi kazini," alisema, makofi yakaanza, moja mbili, moja mbili.

Wakati huo huo Kadii alishuka kwenye pikipiki hapo hapo, na mtungi wa plastiki mkononi. Kijana mmoja mgeni wa steji, aliyekuja juzi kutoka Gongoni, alimgeukia. Huyu aliuliza kwa nia ya kujua tu.

"Mama, hawa wanasema huyu mzee ni wako. Ni kweli anakunywa, au wanamsingizia?"

Makofi yakakoma. Salmin akasimama. Barabara nzima ile, mtu aliyeweza kumsafisha kwa neno moja alikuwa ni huyu. Akamtazama. Alitaka kusema nisamehe. Alijua neno gani lililokuwa likingoja nyuma ya meno yake, kwa hiyo akayauma meno, akaubana upande mbovu wa mdomo kwa vidole vya mkono wa kushoto, akainamisha kichwa mbele ya mwanamke yule kwa kadiri shingo ilivyoweza.

Kadii aliuweka mtungi chini. Alimwangalia kuanzia raba mpya mpaka kichwa kisicho na kofia, na pale kwenye vidole vilivyobana mdomo akakawia kidogo.

"Huyu?" alisema. "Huyu mteja wangu wa siku nyingi."

Akajitwika mtungi wake, akatazama kulia na kushoto, akavuka barabara.

Walicheka sana, na Masha akacheka kuliko wote. Salmin aliutoa mkono mdomoni. Alingoja lori lipite, akatanguliza mguu mzima, akauburura wa pili, akashika njia ya kituo cha mafuta.