Anaitwa Nani?

Ukiita "Mama!" penye watalii, wanageuka wanawake wote isipokuwa wako. Binti aliligundua hilo mchana kweupe, katikati ya magofu. Alikuwa amempa mama kisogo mara moja tu, apige picha ya ukuta uliopasuliwa na mizizi, na alipogeuka hakumwona.

"Ana maradhi ya kusahau," alimwambia askari wa hifadhi. "Nisaidie, kaka yangu."

Askari alitazama upande wa mikoko. "Maji yanajaa. Baada ya saa moja tu, kule hakupitiki. Anaitwa nani?"

"Mama."

"Dada, hata mimi nina mama. Jina lake!"

Alimnong'oneza, uso umemshuka kama aliyetukana. Kwa miaka arobaini na miwili hakuwahi kumwita mzazi wake kwa jina. Aliliona kwenye kadi ya hospitali tu. Askari akaliita kwa sauti ya gwaride. Hakuitika mtu.

Walichungulia kisimani, binti akisali moyoni asione kitu. Vyumba visivyo na paa vilikuwa vitupu. Ukingoni mwa mikoko wakakuta kiatu kimoja cha mama kimezama topeni. Kaka zake walimkataza safari hii. Yeye akawajibu, kwa ule ujuaji wake, kwamba mgonjwa anahitaji hewa. Alijichukia kupita kiasi.

Maji yalishafika vifundoni alipokumbuka kwamba siku hizi mama alikuwa akiamka na kumuulizia dada yake, marehemu mama mkubwa, ambaye hakumwita mdogo wake kwa jina hata siku moja. Alimwita Chiriku, kwa domo alilokuwa nalo mama utotoni.

"Chiriku!" binti alipiga kelele. "We Chiriku!"

"Abee, dada!"

Alikuwa amejibanza nyuma ya mizizi, maji kiunoni, anacheka. "Nimejificha mpaka nimechoka!"

"Mama! Mama yangu, ni mimi!"

Kicheko kikakatika. Mama akamkodolea macho, kisha akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, kuelekea kwenye kina. "Sikujui. Dada yuko wapi?"

Askari alitaka kuruka, binti akamzuia. Akafuta machozi kwa kiganja chenye matope na kunyoosha mkono.

"Ni mimi, dada yako. Twende, Chiriku. Mama anatuita."

Mama akaja mwenyewe, akaushika mkono ule.