Namba Mbili za Mwisho

Simu ilipoita, muuza nyama alikuwa anatundika paja la ng'ombe, na mteja mmoja anamsimanga kwamba siku hizi duka lake linauza mifupa iliyowahi kukaa karibu na nyama. Foleni nzima ilikuwa inacheka. Alibonyeza simu kwa kidole kisicho na damu. Alikuwa mkewe, na hakusalimia. Alisema baba amemvunja mkono. Kisha akasema aje upesi kabla pesa za mama hazijaondoka. Kwa jinsi sauti yake ilivyopanda kwenye jambo la pili, mume alielewa ni lipi lililokuwa linamtisha zaidi.

Alivuta mlango wa duka wateja wakiwa bado wamesimama, akakimbia kwenda kwa wakwe zake na aproni yake mwilini. Njiani watu walimpisha bila kuombwa. Mtu mwenye damu kifuani akikimbia, huulizi.

Pesa za mama zilikuwa pesa za nyonga. Mama mkwe alianguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo hakusimama tena. Alilala chumba cha nyuma akigeuzwa kama mtoto mchanga. Hospitali ilikuwa imewapa siku ya upasuaji, wiki iliyofuata, na kila mtu katika familia alikuwa amechangia hadi kujikamua. Fedha yote ilikaa kwenye akaunti ya baba mkwe, kwa sababu ndiye mkubwa, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kupendekeza vinginevyo.

Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ameupakata mkono wa kulia kama kitu kilichookotwa. Chini ya kiwiko ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Baba mkwe alikuwa mezani amewapa mgongo, hedifoni masikioni, simu mkononi, laptopu wazi mbele yake. Kando ya laptopu palikuwa na spana kubwa.

Kwa kunong'ona, mke alimweleza. Asubuhi laptopu ilipiga ukelele kama king'ora, kioo kikawa chekundu, yakatokea maandishi kwamba mashine imevamiwa, isizimwe, ipigwe namba fulani ya simu. Baba akapiga. Tangu hapo yuko na mtu huyo sikioni. Mtu huyo amemfanya aingize programu, na sasa kishale kinatembea chenyewe kwenye kioo. Akamwambia pesa zake ziko hatarini, lazima zihamishiwe akaunti salama. Akamuuliza nani mwingine amewahi kuigusa mashine hiyo. Baba akajibu: mkwe wangu. Ni kweli, muuza nyama ndiye aliyeinunua, ili mama awaone wajukuu wa mbali akiwa kitandani. Jibu hilo likamtosha yule mtu. Kuanzia hapo mwizi alikuwa na uso, na baba akashauriwa aweke karibu kitu cha kujilinda.

“Nilimshika bega nichomoe waya wa hedifoni,” mke alisema. “Nilimshika kwa nyuma. Nimejisahau.”

Hakuhitaji kueleza zaidi. Baba mkwe alikuwa ameendesha kreni maisha yake yote ya kazi. Alikaa juu, ndani ya kibanda cha vioo, na mara nyingi hakuuona mzigo ulipotua. Chini alisimama mwenzake mwenye redio, akisema shusha, simama, kushoto kidogo, naye alitii bila kuuliza, kwa sababu ukianza kuuliza chuma kikiwa hewani, mtu anakufa. Na mwendeshaji haguswi. Watoto wake walikua wakijua kwamba baba akiwa na kitu sikioni, hata kama ni taarifa ya habari, unamwendea kwa mbele akuone. Binti alimwendea kwa nyuma. Spana ilimpata kabla mzee hajageuza shingo.

Muuza nyama alizunguka meza polepole, mikono wazi, akasimama anapoonekana.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” mzee alijibu, kwa mazoea. Kisha akasema kwenye simu, kwa sauti ya kazi: “Amefika.”

Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Alimwambia mkwe wake kwamba jamaa wa usalama amesema angekuja akikimbia, angekuja anahema, na angedai simu ni ya matapeli. Muuza nyama, anayehema, alikuwa amefungua kinywa kusema hayo hayo. Aliyasema hata hivyo. Alisema benki ya kweli haimwambii mtu ahamishe pesa zake kwa kumficha mkewe. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mtu anayeuza sabuni mlangoni, na mkono wake ukaishika spana.

Kwenye kioo, ukurasa wa benki ulikuwa wazi. Kishale kilikwenda kwenye kisanduku kimoja, kikajaza. Kikashuka kwenye kingine.

Muuza nyama aliruka hadi ukutani na kung'oa waya wa kisanduku cha intaneti. Taa zake zikafa. Kishale kikasimama palepale, na kwa kitambo kidogo chumba kilitulia kabisa, isipokuwa mama aliyekuwa anagonga ukuta wa chumba cha nyuma kwa kikombe, akiuliza nani anauawa humo ndani.

Mzee hakuhangaika. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema “sawa”, akasema “nimeona”, akawasha intaneti ya simu. Kishale kikaanza tena kutembea.

Ndipo mkwe alipojirusha juu ya meza.

Spana ilimpata sikioni. Hakusikia maumivu, alisikia mlio, kama kengele iliyogongwa ndani ya fuvu, kisha joto likamshukia shingoni. Akaishika meza akaipindua. Laptopu ilianguka chali ikiwa bado inawaka, naye akaikanyaga kwa kisigino, mara nyingi, hadi kioo kikawa vipande na kisha kikawa unga. Spana ikashuka tena, mgongoni, ikamtoa pumzi. Aligeuka, akakidaka kifundo cha mkono wa mzee na kukigongesha kwenye ukingo wa kochi. Spana ikatoka. Wote wawili wakaanguka, aproni ikiteleza kwa damu ya ng'ombe na ya mtu. Mzee, pamoja na umri wake, alikuwa na mikono kama minyororo. Alimuuma mkwe wake bega. Alimsukumia goti tumboni. Alipigana kama mtu anayelinda nyumba yake, na ndivyo alivyoamini.

Muuza nyama alibiringika pembeni akitapika mate machungu. Laptopu imekufa, alijiambia. Yameisha.

Simu ya mzee ikalia kidogo, mlio wa ujumbe kuingia.

Hapo alielewa kwamba hawakuihitaji laptopu tena. Walikwisha kuona walichotaka kuona, na huko waliko walikwisha kujaza kila kitu. Kilichobaki ni namba ya uthibitisho ambayo benki humtumia mwenye akaunti, na mwenye akaunti alikuwa amepiga magoti mita moja kutoka kwake, hedifoni zimekaa upande, simu ameikumbatia kwa mikono miwili.

“Imeingia,” mzee alisema. “Nne. Saba.”

“Baba, acha.”

“Moja. Moja.”

Ni namba sita. Simu isingetoka katika mikono ile, na hapakuwa na muda wa kujaribu. Kinywa ndicho kilikuwa wazi. Muuza nyama alimpiga baba mkwe wake mdomoni kwa ngumi ya mkono uliozoea kupasua mifupa kutwa nzima. Alihisi jino likikatika chini ya kidole. Mzee alianguka ubavu, na kilichotoka kinywani hakikuwa namba.

Hedifoni zilikuwa zimeruka sakafuni. Sauti ndogo, tulivu, ilikuwa inaendelea kusema mle ndani. Muuza nyama aliziweka kwenye sikio lililo zima.

“Mzee wangu? Bado mbili tu.”

“Mzee hawezi kusema.”

 Sauti ikacheka, bila kelele.

“Ah, mkwe. Umempiga? Sisi tumekaa naye tangu asubuhi, hakuna aliyemgusa.”

Simu ikakatika. Haikupita hata pumzi, ikaita upya. Mzee aliifikia kwanza, maana ilikuwa chini ya kifua chake. Aliibonyeza kwa kidole chenye damu, sauti ikatoka wazi chumbani. Mkwe alikuwa amesimama juu yake, ngumi imepanda. Aliuona mdomo uliochanika, na meno, na ngumi haikushuka.

“Mpige,” mkewe alisema kutoka ukutani. “Mpige tena, atasoma.”

Hakuweza.

“Mzee wangu, pole kwa usumbufu,” sauti ilisema. “Tumalizie. Mbili za mwisho.”

“Nimepigwa,” mzee alisema. Maneno yalitoka yakiwa yamelowa.

“Ndiyo, nilikuonya. Soma.”

“Natokwa damu. Nyingi.”

“Damu itakauka, mzee. Soma hizo namba, zinaisha muda.”

Mzee aliitazama simu. Miaka yote ile, juu kwenye kibanda, kitu kilipoanguka, kamba ilipokatika, chuma kilipogonga ukuta, yule wa chini hakuwahi kutaja mzigo kabla ya kuuliza nani ameumia. Hata yule mlevi. Hata yule waliyechukiana naye hadi siku ya kustaafu.

“Hujaniuliza nimeumia wapi,” alisema.

Sauti haikuelewa. Ilirudia kuhusu namba, kwa upole, kisha bila upole, kisha ikamwita mpumbavu, ikamwambia atamzika mkewe kwenye kiroba. Ilikuwa bado inatukana mzee alipoikata.

 Akanyoosha mkono, si ili ainuliwe, bali ili apewe simu ya mkwe wake. Muuza nyama alipiga namba ya benki, kisha akampa simu. Dada wa benki aliyepokea alikuwa mkarimu, na alikuwa na utaratibu: akaunti haifungwi mpaka mwenyewe aseme. Mzee akasema. Dada hakumwelewa, akaomba arudie. Mdomo ulikuwa umevimba kiasi kwamba jina lake mwenyewe lilitoka kama kikohozi. Aliingiza vidole, akang'oa kipande cha jino kilichokuwa kinaning'inia, akakitema kwenye kiganja, akasema tena, neno moja moja, jinsi alivyosema zamani kwenye redio kukiwa na upepo. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Funga. Funga yote.

Dada aligonga vitufe vyake. Alisema kuna uhamisho uliokuwa unasubiri, na sasa umefutwa. Fedha ipo. Akauliza kama anaweza kuwasaidia na lingine.

Mama alikuwa bado anagonga ukuta. Muuza nyama alimwambia kwa sauti kwamba upasuaji uko palepale. Kugonga kukaacha. Hakuuliza lingine, na hakuna aliyemweleza lingine.

Mzee alitambaa hadi ukutani alipokuwa binti yake. Hakusimama, sijui kama hakuweza au aliona hastahili. Alikaa karibu naye, akautazama mkono uliopinda, na mkono wake mwenyewe ukainuka kuuelekea.

Binti akasogea kando. Si mbali, kiasi cha upana wa mtu. Mzee akaurudisha mkono wake mapajani, akaufunika kwa ule mwingine.

“Twende hospitali,” muuza nyama alisema, akamwinua mkewe kwa upande usiovunjika. Mzee alibaki sakafuni mpaka wao wawili walipofika mlangoni. Kisha akainuka, akawafuata kwa nyuma, akiacha nafasi.